Nani Anasema, na Amebeba Nini? Juu ya Kufundisha Hali ya Moyo, Sauti na Taswira katika Ushairi

Katika shule na vyuo vyetu vingi somo la ushairi limekuwa somo la kuhesabu. Mwanafunzi anahesabu beti, anahesabu mishororo, anahesabu mizani, anataja vina vya kati na vya mwisho, kisha anaorodhesha tashbihi, sitiari na tashihisi kama karani wa ghala anavyoorodhesha magunia ya korosho. Akimaliza upande wa fani anageukia upande wa maudhui, na huko nako anaandika dhamira ya kwanza, dhamira ya pili, ujumbe, msimamo na falsafa. Anapata alama zake na kwenda zake. Lakini ukimwuliza kama shairi lile lilikuwa la huzuni au la dhihaka, kama aliyelisema alikuwa amechoka au amekasirika, atakutazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilokuwamo katika mtihani. Na kwa kweli mara nyingi halimo.

Sisi tunasema kwamba upungufu huu si wa walimu wa Kiswahili peke yao. Ni upungufu wa elimu ya siasa. Mtu asiyeweza kutambua sauti ya msemaji ndani ya shairi hawezi kuitambua katika hotuba, katika gazeti, wala katika mkutano wa kijiji. Ili tusizungumze hewani, tutaichukua mifano yetu mingi kutoka Bagamoyo na pwani ya Mrima, sehemu ambayo hata jina la mji wake ni somo zima la ushairi.

Mambo Matatu Yasiyotengana

Kwanza tuyaeleze mambo yenyewe. Taswira ni picha anayoijenga mshairi kwa maneno ili tuione, tuisikie, tuinuse au tuiguse. Sauti ya msemaji, ambayo walimu wengine huiita toni, ni namna msemaji anavyosimama mbele ya jambo analolisema na mbele ya watu anaowaambia: anaheshimu, anabembeleza, anaonya, analalamika au anakejeli. Hali ya moyo ni ile hewa inayolijaza shairi na kumwingia msikilizaji: furaha, majonzi, hofu, utulivu.

Mambo haya matatu hayatengani. Tuchukue mstari mmoja tuliojitungia wenyewe kwa ajili ya somo:

Jahazi limeshatweka, pwani imebaki nyuma.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Taswira inaonekana: tanga limejaa upepo, minazi ya ufukweni inazidi kuwa midogo. Lakini hali ya moyo ni ipi? Mpe maneno hayo nahodha aliyekaa wiki nyingi akingoja kusi ianze ili arudi kwao Arabuni. Sauti ni ya shangwe. Mpe mama aliyesimama mchangani akimsindikiza mwanawe. Sauti ni ya kilio kilichozuiwa. Mpe mtu aliyefungwa minyororo ndani ya ngama. Hapo mstari ule ule unakuwa hukumu ya kifo. Halikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni nani anasema, na amebeba nini.

Maswali haya mawili ndiyo ufunguo. Mwalimu akiyatanguliza, hali ya moyo haitakuwa tena jambo la kubahatisha, na mwanafunzi hatasema shairi ni la huzuni kwa sababu tu yeye mwenyewe alihuzunika.

Jina Moja, Nyoyo Mbili

Sasa tuliangalie jina la Bagamoyo. Wenyeji na wanahistoria wamelieleza kwa namna zaidi ya moja, lakini maelezo mawili ndiyo yaliyoenea, na yote mawili yanatokana na taswira moja, yaani kubwaga moyo.

Maelezo ya kwanza ndiyo yanayosikiwa sana na watalii. Mateka aliyetolewa bara, akifika hapa na kuiona bahari, alijua kwamba hatarudi tena kwao. Akaubwaga moyo wake ufukweni, akaenda bila moyo. Sauti ni ya kukata tamaa.

Maelezo ya pili ni ya wapagazi. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara. Wanyamwezi na Wasukuma, pamoja na watu wa makabila mengine, walitembea kutoka Unyanyembe, mwendo wa kilomita 800 hivi, au kutoka Ujiji, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200, kila mmoja akiwa na mzigo wa pembe wa takriban kilo 30 begani. Walikuwa na nyimbo za njiani, na pwani katika nyimbo hizo ilikuwa mahali pa kutua. Mzigo umefika, ujira uko karibu, ngoma na tembo vinangoja. Bwaga moyo: tulia sasa, roho yangu. Sauti ni ya faraja.

Kitenzi chenyewe kinaruhusu yote mawili. Anayebwaga mzigo amepumzika. Anayebwaga manyanga amekubali kushindwa. Mgombea aliyebwagwa katika uchaguzi hana haja ya kufundishwa kwamba neno hili linaweza kuuma. Kamusi peke yake haiwezi kuamua.

Je, historia inasemaje? Biashara kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na bandari kubwa ya kusafirisha watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Mwanahistoria Steven Fabian, aliyeandika kwa kirefu juu ya mji huu, ameonyesha jinsi picha ya Bagamoyo kama mji wa watumwa kwanza kabisa ilivyotiwa nguvu na shughuli za utalii wa miaka ya karibuni. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikiitaja kuwa njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Katika jina hilo la kiserikali watumwa wametangulia, pembe zimefuata, na mpagazi hakutajwa.

Msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba watumwa hawakuwako. Walipitishwa hapa, walilimishwa mashamba hapa, na misheni ya Wakatoliki iliyofunguliwa mwaka 1868 ilianzisha kijiji cha waliokombolewa. Mtoto mmoja aliyeletwa Bagamoyo kutoka Manyema akiwa mtumwa alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, akaheshimiwa pwani nzima mpaka alipofariki mwaka 1931. Huyo ni Sheikh Ramiya. Moyo wa mtu kama huyo ulibwagwa kwa maana ipi? Yawezekana kwa zote mbili, katika nyakati mbalimbali za maisha yake.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kuchagua hali ya moyo ni kuchagua historia. Tukimsikiliza mateka tu, Mwafrika wa karne ya 19 anakuwa mtu wa kutendwa, asiyetenda. Tunamsahau mpagazi aliyeuza nguvu zake kwa ujira, aliyegoma njiani posho ilipopunjwa, aliyetoroka na kuuacha mzigo wa tajiri porini. Huyo ni mmoja wa wafanyakazi wa kwanza wa ujira katika nchi hii, na Chama cha wakulima na wafanyakazi hakina haki ya kumsahau. Lakini tukimsikiliza mpagazi tu, tunamsafisha tajiri aliyenunua watu. Mwanafunzi hapaswi kuchagua moja na kufuta jingine. Anapaswa kueleza kila sauti ni ya nani, kisha aulize kwa nini leo moja inasikika zaidi ya nyingine, na nani ananufaika.

Mizani Haisemi Kila Kitu

Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Miaka thelathini na kitu baadaye Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Watungaji hao wawili walitumia bahari ile ile: mishororo minne katika ubeti, mizani nane katika mshororo, na kina cha mwisho kinachotembea toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwanafunzi wa kuhesabu atatoa jibu moja kwa tenzi zote mbili. Lakini huku kuna mama anayejua kwamba hana siku nyingi, anasema na mtu mmoja, kwa sauti ya chini. Kule kuna mwanachuoni anayesema na umma baada ya kushindwa. Bahari ni moja, nyoyo ni mbalimbali.

Utenzi wa Hemedi unahusu mambo ya pwani hii. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kuushika utawala wa pwani kwa mkataba wake na Sultani wa Unguja. Pangani, watu wa kampuni chini ya Emil von Zelewski waliingia msikitini na mbwa. Mwezi Septemba mapigano yakafika Bagamoyo. Abushiri bin Salim aliongoza vita upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri upande wa Saadani. Mei 1889 Hermann von Wissmann aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na Desemba mwaka ule Abushiri akanyongwa Pangani.

Tusimame kidogo kwenye yule mbwa. Mwanafunzi asiyejua kwamba kwa Mwislamu wa Mrima mate ya mbwa ni najisi atalichukulia tukio hilo kama habari ya mnyama aliyepotea njia. Taswira haimo katika neno peke yake. Imo katika maisha ya watu wanaolitumia neno hilo. Ndiyo maana orodha za taswira zilizonakiliwa kutoka vitabu vya mitihani hazina uhai. Mtu ameandika kwamba bahari inawakilisha matatizo, basi kila bahari katika kila shairi inakuwa matatizo, hata bahari ya mvuvi aliyerudi na dau limejaa samaki.

Jambo jingine: sauti ya mshairi si lazima iwe sauti ya watu wote. Hemedi alisema kama mwanachuoni na mwungwana. Abushiri mwenyewe alikuwa na mashamba ya miwa na watumwa karibu na Pangani. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya vita hivyo, ameonyesha kwamba umati uliosimama dhidi ya Wajerumani ulikuwa na watu wenye malalamiko yao wenyewe, wapagazi na watumwa wakiwamo, na kwamba hawakutaka mambo yale yale waliyoyataka mabwana. Kwa hiyo mwanafunzi akishaisikia sauti iliyomo aulize pia ni sauti gani haimo. Kimya nacho kina hali yake ya moyo.

Kutoka hapo tunaweza kuutazama upya ule ubishi mkubwa wa miaka ya 1970 juu ya vina na mizani. Upande mmoja walisimama waliofuata kanuni kama alivyoziweka Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Upande wa pili walisimama vijana wa Chuo Kikuu, na Kichomi cha Kezilahabi kilichotoka mwaka 1974 kikawa bendera yao. Ubishi ule ulikuwa na faida, na tusiudharau. Lakini darasani uliacha mazoea mabaya: swali la kwanza juu ya kila shairi likawa ni la umbo. Mwanafunzi aliweza kueleza kama shairi lina vina au halina, na asiweze kueleza kwa nini diwani ikaitwa kwa jina la maumivu.

Sifa kwa Mtawala

Mtihani mgumu kuliko yote ni shairi la sifa. Wakati wa utawala wa Wajerumani washairi wengi wa pwani waliandika mashairi ya kumsifu Kaizari na maofisa wake. Mengine yalitoka katika gazeti la Kiongozi lililoanza Tanga mwaka 1904, mengine yalikusanywa na Carl Velten. Mwaka 2002 wataalamu, akiwamo mwandishi wetu wa Zanzibar Said Ahmed Mohamed Khamis, waliyatoa mashairi mengi ya kipindi hicho katika kitabu kiitwacho Kala Shairi.

Mashairi hayo yasomwe vipi? Kuna wahakiki wanaoyatupa yote kuwa ni ya vibaraka. Wengine, kwa shauku ya kizalendo, wanataka kila sifa iwe fumbo la uasi. Makundi yote mawili yamelijua jibu kabla ya kusoma. Ukweli unataka subira. Aliyeandika alikuwa akida, mwalimu wa shule ya serikali, au mtu wa kawaida? Alijua nani atasoma? Je, sifa imepita kiasi mpaka inajivunja yenyewe? Je, baada ya kusifu nguvu za mtawala anataja makaburi? Pengine tutagundua kwamba mshairi alikuwa anajipendekeza kweli ili apate cheo. Hilo nalo ni jambo la kujua, maana kujipendekeza hakukuisha Wajerumani walipoondoka.

Mwalimu Nyerere, akiwa na mzigo wote wa kuongoza nchi changa, alipata wakati wa kuifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, tafsiri iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Katika mazishi, Antonio anawaita wauaji waheshimiwa, anarudia, na kila anaporudia neno linazidi kugeuka, mpaka umati unasikia kinyume chake. Huo ni mfano kamili wa sauti kulishinda neno. Lakini tusiishie hapo. Umati ule uliisikia kejeli vizuri sana, kisha ukaenda kuchoma nyumba za watu kwa faida ya Antonio. Kusikia sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: anayenipandisha hasira anataka nini kwangu?

Makosa Yetu Wenyewe

Hatuwezi kuwanyoshea walimu kidole tukajisahau. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaomba washairi walieneze Azimio la Arusha kwa sanaa yao. Mathias Mnyampala akaiendeleza ngonjera, na shule zote zikaipokea. Ngonjera kwa asili yake ni majibizano: mmoja anashuku, mwingine anaeleza, mwishowe wanakubaliana. Ni chombo kizuri, maana kinakubali kwamba mwananchi anaweza kuwa na shaka.

Tulifanya nini nayo? Mara nyingi watoto walipangwa mstari wakaikariri kwa sauti moja, kwa mwendo mmoja, mshukaji na mweleza wakipiga kelele sawasawa. Mwenye shaka aligeuzwa mjinga wa kuchekwa, ashindwe katika ubeti wa tano na kushukuru katika ubeti wa sita. Hivyo hatukujifunza kamwe shaka yake ilikuwa nini. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliilaumu elimu ya kukariri. Sisi tukaikaririsha hata siasa ya kujitegemea.

Madhara yake yalitoka nje ya darasa. Kada anasimama mbele ya mkutano wa kijiji, anauliza kama wameelewa, na wazee wanaitika, «Tumekuelewa, ndugu katibu.» Maneno hayo yanaweza kuwa ya kukubali, ya uchovu, ya woga, au ya dhihaka ya kistaarabu ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri. Kada aliyefunzwa kuhesabu atahesabu mikono iliyonyooshwa na kuandika kwamba wananchi wamepokea kwa furaha. Taarifa inapanda wilaya, inapanda mkoa, na kila ngazi furaha inaongezeka. Siku moja viongozi wanashangaa kwamba shamba la ushirika limebaki pori. Hakuna aliyewadanganya. Waliambiwa, hawakusikia.

Linganisha na sauti ya Mwalimu katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, la mwaka 1977, alipokiri wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Maandishi yale tuyasome kwa wanafunzi wetu si kwa ajili ya takwimu zake tu, bali wasikie jinsi kiongozi anavyosema anapowaheshimu wanaomsikiliza.

Kazi Darasani

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, shairi lisomwe kwa sauti kabla halijaandikwa ubaoni. Wanafunzi watatu walisome kwa sauti tatu tofauti, darasa libishane ipi inaafikiana na maneno.

Pili, kila dai liwe na ushahidi. Anayesema kuna kejeli aonyeshe neno, kitenzi au marudio yaliyomfanya asikie kejeli. Kisha mwalimu abadilishe neno hilo moja, aweke «tua» mahali pa «bwaga», na darasa lisikilize kilichopotea. Bila nidhamu hii, uhakiki wa hisia unakuwa porojo.

Tatu, taswira ziendewe ziliko. Mwanafunzi wa Bagamoyo anaishi jirani na mikoko, mashamba ya chumvi, soko la samaki na Caravan Serai. Amwulize mvuvi kusi ni nini kwake, amwulize na mke wa mvuvi. Atarudi na majibu mawili, na somo la taswira litakuwa limekwisha nusu. Aidha Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mji huu mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kina wapiga ngoma wanaojua kwamba pigo moja likicheleweshwa kidogo ngoma ya harusi inakuwa ya msiba. Walimu wa Kiswahili na wapiga ngoma hawana sababu ya kukaa mbalimbali.

Nne, watunga mitihani waulize. Mwanafunzi hujifunza kile anachoulizwa. Swali la nani anasema, anamwambia nani na amebeba nini liingie katika karatasi, na lisiwe na jibu moja lililopigwa chapa tayari.

Tunajua yatakayosemwa: madarasa yamejaa, vitabu ni vichache, walimu wamechoka. Ni kweli. Lakini kusoma shairi moja kwa sauti tatu hakuhitaji kitabu cha ziada, na darasa lililojaa lina sauti nyingi.

Wazee wetu waliotua mizigo Bagamoyo walituachia neno moja lenye nyoyo mbili. Kijana atakayeweza kuzisikia zote mbili, na kueleza kila moja ni ya nani, hatahitaji kuambiwa lini anasifiwa ili aibiwe. Na atakapopewa kazi ya kuwaongoza wenzake, wakimwambia «tumekuelewa», atanyamaza kidogo kabla hajaandika taarifa yake.